Baba Yetu ya Motere

Alizaliwa wapi sijui. Sikumuuliza, naye hakunieleza. Tulikuwa na mambo mengine ya kugombania. Ukifika mtaani kwetu hapa Kalemie useme "Shofere" tu, bila kuongeza neno, watakuonyesha nyumba yenye doa la mafuta mbele ya mlango na kiti cha gari barazani. Kiti hicho kila mgeni alikikalia. Mwenyewe sikumwona juu yake hata mara moja.

Hilo ndilo lililonifanya nianze kuandika. Mtu huyu alikuwa bingwa wa kupumzisha gari, na kupumzika mwenyewe hakujua. Wahenga walisema mganga hajigangi. Motere yake, yaani injini, haikuungua katika miaka yote niliyosafiri naye. Tuliyeogopa kwamba ataungua ni yeye. Mke wake aliogopa, binti yake aliogopa, na mimi jirani yake wa ukuta kwa ukuta niliogopa kwa sauti kubwa, maana kuogopa kimya kimya sijajifunza.

Mimi nauza ndagala, yaani dagaa. Nazinunua ufuoni, nazikausha, kisha nazipeleka kwenye masoko ya milimani, upande wa njia ya Moba. Mwenye kwenda Moba yenyewe hupita ziwani na kufika na nguo safi. Lakini vijiji vya mlimani havioni ziwa, na ndagala hazijui kupanda mlima zenyewe, kwa hiyo mimi na magunia yangu tulikuwa watu wa Shofere. Nyuma ya pikapu yake alifunga tela, ambalo sisi tunaita remoroke. Lilikuwa nusu ya nyuma ya pikapu nyingine iliyokufa zamani, akaikata, akaifunga chuma cha kuvutia. Alisema ile ya mbele ni bwana na ile ya nyuma ni bibi, na kwamba bwana akipandisha mlima huku anamvuta bibi mwenye magunia, lazima tumhurumie.

Na kweli ilikuwa kazi ya kuhurumiwa. Joto la Kalemie kabla ya mvua kila mtu analijua. Upepo wa ziwa ukibaki nyuma, barabara inapoanza kupanda, gari linakwenda mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni, hakuna hewa inayoingia mbele, jua liko utosini, na remoroke linavuta kurudi chini. Hapo ndipo motere inapochemka. Shofere alitaka tuondoke alfajiri ili mlima tuumalize kabla ya jua. Kila safari alitangaza alfajiri. Kila safari mmoja wetu alisahau kuku, mwingine akarudi kuaga shemeji, na mlima tukaukuta saa sita mchana. Alikuwa anatugombeza mpaka mishipa ya shingo inamsimama, kisha njia nzima anatuhubiria uvumilivu.

Alikuwa mfupi, shingo nene, mkono wa kushoto mweusi kuliko wa kulia kwa sababu ulikaa dirishani. Mshale wa kuonyesha joto kwenye gari lake ulikufa kabla mimi sijamfahamu. Alitumia pua. Katikati ya mazungumzo alikuwa ananyamaza, ananusa, anasema, "Inaanza." Sisi nyuma hatukusikia harufu yoyote isipokuwa ya ndagala zangu, na abiria hawakukosa kunikumbusha hilo.

Mtu mgeni alipopanda gari la Shofere, alitaka kukaa mbele. Sisi wenyeji tulimwachia kwa heshima zote. Nakumbuka shangazi mmoja wa bi harusi, tuliyempeleka kwenye ndoa ya mpwa wake huko juu. Alikuwa na kitenge kipya, kilemba kimesimama, poda usoni. Alikaa mbele, akatuangalia sisi tuliopanda juu ya magunia, akasema pole. Tukashukuru. Gari lilipoanza kupanda, Shofere akanusa, akanyoosha mkono na kufungua shofaji, ile mashine ya kupasha joto ndani ya gari ambayo sijui ni nani aliyedhani watu wa Kalemie tutaihitaji. Akaifungua mpaka mwisho.

"Papa Shofere!" Tulimsikia mpaka nyuma. "Zima ile kitu! Ninakufa!"

"Vumilia, Mama. Ile joto yenye unasikia, njo motere inapumua."

"Ipumulie kwa nje!"

"Kwa nje hakuna nafasi, Mama. Jua imeisha kujaa."

Ndivyo alivyofanya siku zote: joto alilitoa kwenye motere akalileta ndani, akalinywa yeye na yeyote aliyetamani kiti cha heshima. Shangazi alifika juu poda imeshuka mpaka shingoni. Lakini motere ilifika nzima, na alipoona gari la watu wengine limekwama kwenye kona, limefunguliwa mdomo na linatoa moshi, alinyamaza. Wakati wa kurudi alipanda nyuma pamoja nasi bila kuambiwa.

Penye mwinuko mkali zaidi kulikuwa na sheria. Shofere alikuwa anasimama chini na kupaza sauti, "Mushuke bote! Gari haiko punda!" Wote tulishuka, awe mama mwenye mtoto mgongoni, awe mzee, awe mtu wa serikali. Tulipanda kwa miguu nyuma ya remoroke, mmoja amebeba jiwe la kuzuia tairi ikiwa gari litarudi nyuma. Vijana wa pikipiki walitupita wakicheka, na siku hizi wengine wanatupiga picha kwa simu. Shofere hakujali. Alisema mlima haukimbii, na atakayefika mbele yetu atatungojea sokoni, maana ndagala ziko huku.

Juu ya mlima ndipo palipokuwa na ibada. Gari lilisimama, lakini motere hakuizima papo hapo. "Muntu mwenye alikimbia hakai mara moja," alisema. "Anatembea kwanza." Aliiacha ingurume polepole, kifuniko cha mbele wazi, kisha ndipo akaizima. Halafu tulingoja. Maji ya kuongeza yalikuwa kwenye bidoni, dumu la njano, lakini ole wako uguse kizibo cha radiatere, ile rejeta ya maji, kabla ya wakati, maana maji yaliyofungiwa mle yanaruka usoni. Wakati ulijulikanaje, na mshale ulikuwa umekufa? Kwa Baba Yetu.

Sheria yenyewe ilikuwa hivi. Unaweka kiganja juu ya kichwa cha radiatere, kando ya kizibo. Unasali Baba Yetu. Mkono ukishindwa njiani, bado. Ukifika "Amina" na mkono ungali pale, fungua. Sijui alijifunza kwa nani. Wakatoliki walisali, Waprotestanti walisali na mwisho wao mrefu, na Mwislamu mmoja muuza sabuni aliyesafiri nasi mara kwa mara alisoma ya kwake, Shofere akamwambia ni sawa, urefu unakaribiana.

Kisha akaja katekista. Huyu alikuwa mtu mwema, anafundisha watoto dini, na siku hiyo alikuwa anawahi ubatizo. Jua kali, watu wamechoka, akajitolea: mkono wake utawekwa, sala ni kazi yake. Akaweka kiganja. Tukasikia upepo tu, neno halisikiki, na mara, "Amina!" Akashika kizibo.

"Umemaliza?" Shofere alipiga kelele kutoka kwenye tairi za nyuma. "Miye sijafika hata kwa mukate!"

Alikimbia, akamsukuma yule bwana kwa bega hata akaanguka kwenye majani. Kizibo kilikuwa kimeshalegea. Maji yalimkuta Shofere mwenyewe kwenye mkono wa kulia, kuanzia kifundo mpaka kiwiko. Hakulia. Alitukana kidogo, akamwomba radhi katekista kwa yale matusi, akajifunga kitambaa chenye mafuta ya mawese niliyokuwa nayo, na alipoambiwa akae kivulini alikwenda kukagua tairi. Kovu analo mpaka leo, linang'aa. Katekista alipomtembelea nyumbani kuomba msamaha, alimpokea kwa chai, akamkalisha kwenye kile kiti cha barazani na kumwambia yeye hana kosa. "Bantu ba kanisa munaijua sana ile sala, Papa. Inabateleza kwa kinywa."

Tangu siku ile waliosali mbio walikatazwa. Alimchagua mama mmoja mzee, mjane anayeuza viazi, ambaye kwa kila neno alivuta pumzi na kwenye "utusamehe makosa yetu" alikuwa anasimama kabisa, nadhani akiyahesabu. Mimi alinikataa mbele ya watu wote. Alisema mimi nasali kama mtu anayekimbiza mwizi. Nilinuna mpaka sokoni, lakini hakukosea.

Sitaki mumdhani kuwa mtu wa sheria tu. Ile bidoni ya njano ilikuwa haramu kwa koo la binadamu. "Maji ya motere" ikawa kwetu methali: mume wa mtu, sahani ya mgeni, kitu chochote kisichoguswa, tulikiita maji ya motere. Nimemwona akimnyang'anya kikombe polisi. Lakini siku moja, mchana wa kuchoma, tulimkuta mwanamke kando ya barabara na mtoto ana homa, midomo imepasuka, wanatembea kwenda kituo cha afya. Maji yetu ya kunywa tulikuwa tumeyamaliza zamani. Shofere alisimama. Akashusha bidoni, akamnywesha mtoto kidogo kidogo, mama naye akanywa, kisha akalowesha kitambaa na kumfunika mtoto kichwani, na alipoona kitambaa kimekauka akalowesha tena. Maji yakaisha.

"Papa, ile si ni maji ya motere?" mmoja wetu alimuuliza.

"Motere inaweza kungojea. Mutoto hapana."

Na motere ilingojea kweli, na sisi pamoja nayo. Tuliwafikisha mama na mtoto kituoni, na mbele kidogo tu gari likaanza kufuka. Alilisogeza kivulini, akatutuma bondeni na sufuria za biashara ya watu kutafuta kijito. Soko nililikosa. Nilimsema siku ile maneno ya kutosha mwezi mzima, yeye akanisikiliza akiwa anatoa mbegu za majani kwenye radiatere kwa unyoya wa kuku, moja moja, na nilipomaliza akaniuliza kama nimepoa.

Ndiyo kusema alikuwa na subira ya kila kitu isipokuwa mwili wake. Gari likipoa, abiria walilala, mtu alivua viatu, mwingine alifungua mihogo yake. Yeye alizunguka. Aligonga tairi kwa mguu, alikaza kamba za remoroke, alichungulia chini, alirudi kukaza kamba zilezile. Bukari, ugali wetu, alikula amesimama, sahani juu ya mlango wa gari. Kanisani alisimama nyuma karibu na mlango. Kwenye matanga alifika wa kwanza kubeba viti vya kukodi, akavipanga vyote, na hakukalia hata kimoja. Mke wake alizoea kusema, "Kama ningezaliwa na magurudumu, angenipumzisha na miye." Alisema anacheka, lakini akishaondoka mumewe alikuwa anasimama mlangoni muda mrefu.

Tulimwonya. Akatujibu kwa mifano ya gari lililosimama miaka miwili likaota majani. Ndipo asubuhi moja, akiwa anafunga remoroke nyumbani, alianguka magoti. Nilimsikia mke wake kupitia ukutani, nikatoka na kijiko cha kupikia mkononi. Alikuwa ameshika chuma cha kuvutia, anataka kusimama, na uso umekuwa wa majivu. Hospitali wakamfunga ile bendi mkononi, wakapima, wakapima tena. Tension, wakasema, yaani presha ya damu, na moyo umechoka. Asiendeshe. Asibebe. Mlima asiupande kwa miguu hata kidogo, maana mwingine utamuua.

"Ile mashini yenu njo iko na tension," alimwambia muuguzi.

Muuguzi alicheka. Binti yake hakucheka. Huyu binti ni mkubwa, ana watoto wake, na aliwahi kuendesha gari la mradi mmoja wa barabara mpaka mradi ukafungwa. Alinyoosha mkono juu ya kitanda, kiganja wazi. Shofere alikiangalia kiganja kile. Halafu akatoa funguo mfukoni, akaziweka, akasema, "Usiizime mara moja, Mama." Anamwita binti yake Mama, kama wengi wetu. Nililia pale pale, na sioni haya kuandika.

Nilidhani sasa atakaa. Wapi! Alibaki nyumbani wiki za kwanza akizunguka ua, akifagia palipofagiwa, mpaka mke wake mwenyewe akasema afadhali aende njiani akae kwenye kiti cha mbele, angalau pale kuna mkanda wa kumfunga. Hivyo ndivyo nilivyosafiri naye tena, mwezi wa kumi, mvua bado haijakamata. Binti ameshika usukani, baba kando yake na kofia yake, bwana na bibi wa chuma wamejaa magunia, na sisi juu.

Alfajiri ilitangazwa. Mlima tukaukuta saa sita.

Binti alinusa. Nilimwona kwa kioo cha nyuma, pua ileile. Akafungua shofaji. Chini ya ule mwinuko mkali akasimama, akatoa kichwa dirishani. "Mushuke bote!" Kisha akamgeukia baba yake kwa sauti nyingine. "Weye Papa, ukae."

Mlango wa upande wa pili ulikuwa umeshafunguka.

"Bote njo bote," alisema Shofere, mguu uko chini. "Miaka yangu yote nimeshusha bantu. Nilishusha mama mwenye mimba. Leo miye nikae sawa mufalme?"

"Papa, munganga alisema..."

"Usisimamie hapa, motere inachemka. Panda!"

Binti alinitazama. Sikuhitaji kuelezwa. Gari lilipanda likinguruma, abiria nyuma yake, na mimi nikabaki na Shofere. Alianza vizuri, mikono nyuma, akikosoa namna binti anavyobadilisha gia. Baadaye hakukosoa tena. Baadaye hakusema kitu. Katikati ya mwinuko alisimama na kushika ukingo wa udongo, mdomo wazi, na uso ukarudi kuwa wa majivu kama asubuhi ile ya kijiko.

Kando yake kulikuwa na jiwe kubwa, safi, la kukaa watu wawili.

"Kaa, Papa Shofere."

"Muntu mwenye alikimbia," alisema, akavuta pumzi, "hakai mara moja."

"Umeisha kutembea. Kaa."

Juu tukasikia motere imezimwa. Watu walipiga soga, halafu kimya, na nikajua kuna mtu ameweka mkono. Kisha sauti ya kifuniko kufungwa na honi ikalia. Wamepoa, wanatungoja. Shofere akaachia ule udongo na kuinua mguu wa kupanda. Huyo mtu angekufa mbele yangu kwa sababu ya honi.

Nikamwekea kiganja kifuani, juu ya shati, nikamzuia. Moyo ulikuwa unapiga mkono wangu bila mpango, mbio, kisha unaruka, kisha mbio.

"Ni sheria yako," nilimwambia. "Nitasali. Kama nimefika Amina na hii kitu haijatulia, haujapoa, na hautaenda popote. Weye mwenyewe njo ulisema."

Alinitazama. Sheria ilikuwa yake, pa kupita hakuwa napo. Nikasali, na kwa kuwa mimi ni yule yule, na mtu ananifia mkononi, nilisali mbio kuliko katekista. Nikafika Amina. Moyo haukuwa umetulia.

"Umesali mbio," alisema, kwa sauti ndogo.

"Basi ukae, nirudie."

Magoti yake yakakunjika polepole. Akakaa juu ya lile jiwe. Miaka yote ile, mlimani, kanisani, matangani na barazani kwake, sikuwahi kumwona ameketi nje ya gari, na sasa alikuwa ameketi mbele yangu, mdogo, kofia magotini, kovu linang'aa juani. Nikainama, nikarudisha mkono kifuani pake.

Honi ikalia tena. Binti akaita kutoka juu, "Mama Ndagala! Kuko nini?"

Nikapaza sauti yangu ya sokoni. "Haijapoa!"

Neno hilo watu wote wa gari lile wanalijua. Honi ilinyamaza. Nikasikia mlango unafungwa, miguu inashuka mbio upande wetu, lakini sikugeuka. Nilianza upya, nikavuta pumzi kwa kila neno kama yule mama wa viazi, na kwenye jina lako litukuzwe nikaona na yeye anasali, midomo tu. Tulipofika kwenye mkate wetu wa kila siku, Shofere alikuwa bado ameketi.